Ndoo ya Plastiki Ilikuwa na Sababu

Mama mmoja mshonaji, wa viunga vya mji wa Morogoro, alihudhuria mafunzo ya batiki ya siku moja katika kikundi cha akina mama wa mtaani kwake. Alikuwa mwepesi wa mikono. Fulana ya mtindo wa konokono aliipata mara ya kwanza: aliitandaza mezani, akaibana katikati kwa vidole vitatu, akaizungusha mpaka ikajikunja yote kama chapati kabla ya kusukumwa, kisha akaikaza kwa mipira. Mkufunzi alimsifu mbele ya wenzake. Daftarini aliandika kila hatua, vijiko vya dawa na dakika za kuloweka. Sababu za hatua hizo hakuziandika, maana hakuna aliyezitaja wala aliyeziuliza.

Siku chache baadaye alinunua rangi ya nili, kostiki soda na haidrosi ili atie rangi fulana za wanawe. Mvua ilikuwa inanyesha, basi kazi ikahamia jikoni. Ndoo ya plastiki ilikuwa imejaa maji ya kunywa, akachukua sufuria ya alumini.

Kostiki huila alumini. Hutoa joto na povu la gesi ya haidrojeni, ambayo ni rahisi kushika moto, na jikoni mle mkaa ulikuwa unawaka. Mama aliona sufuria inachemka vipovu vidogo pembeni akadhani ndivyo rangi inavyoiva. Kwenye mafunzo ndoo ilikuwa ya plastiki, naye aliichukulia kuwa ndiyo iliyokuwa karibu tu.

Alipoitoa fulana ya kwanza alishtuka. Badala ya bluu ilikuwa ya kijani iliyochujuka, inaelekea njano.

"Wifi, rangi hii ni feki," alimwambia dada wa mumewe.

"Si uongeze dawa, wifi? Labda haijakolea."

Laiti wangeining'iniza kwenye kamba na kusubiri kidogo! Nili haiyeyuki katika maji matupu. Haidrosi huibadili kikemia, na kostiki huiwezesha kuyeyuka na kupenya kwenye pamba. Ikiwa katika hali hiyo huonekana njano au kijani. Nguo ikikutana na hewa, oksijeni huirudisha nili katika hali yake ya awali na bluu hujitokeza yenyewe, mbele ya macho yako. Hilo ndilo jambo la kupendeza kuliko yote katika kazi hii, na wanafunzi wa siku ile hawakuliona, kwa sababu fulana zilianikwa wakati wao wamekwenda kula. Waliporudi walizikuta bluu.

Basi akaongeza dawa. Kostiki kavu yote iliyobaki aliimimina kwa mkupuo ndani ya sufuria ya moto. Kostiki huzalisha joto kali hata katika maji baridi. Ndiyo maana huwekwa kidogo kidogo ndani ya maji baridi mengi, na kamwe maji hayamwagwi juu ya kostiki. Katika maji ya moto mambo huwa mabaya zaidi. Sufuria ilifoka, ikarusha maji hadi ukutani, na tone likamwingia mama jicho la kulia.

Wifi alimpangusa kwa ncha ya kanga. Jirani alikuja mbio na maziwa, wakaanza kubishana kama ni maziwa au mafuta ya nazi. Ndoo ya maji safi ilikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Kostiki ikigusa mwili hugeuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni, ndiyo maana huteleza vidoleni, na jichoni huendelea kupenya ndani kadiri dakika zinavyopita. Dawa yake ya kwanza ni maji safi yanayotiririka, kope zikiwa zimefunuliwa, kwa dakika 20 au zaidi, ndipo safari ya hospitali ianze. Mama alifika hospitali jicho halijaoshwa ipasavyo. Hakupofuka, lakini lilibaki na ukungu, na leo hawezi kutunga uzi kwenye sindano bila kusaidiwa.

Jioni, wifi akisafisha jikoni, alikuta chupa ya maji ya dukani yenye maji ya kostiki yaliyotayarishwa mapema. Ilikuwa kwenye rafu wanakochukua watoto vikombe vyao. Mtoto akinywa maji hayo koo na umio huungua, na kovu lake linaweza kumzuia kumeza chakula kwa miaka. Asitapishwe, asukutuliwe mdomo na kukimbizwa hospitali. Ninaliandika hili kwa uchungu, kwa kuwa nyumba nyingi zinazotengeneza sabuni na batiki zina chupa ya namna hiyo.

Simlaumu mama yule. Lawama ninampa mkufunzi anayepokea ada, anavaa glovu zake, kisha hasemi kwa nini amezivaa.

Kwa anayetaka kujifunzia nyumbani ipo njia ya upole zaidi: rangi zinazoshikana na pamba yenyewe, zilizoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1956. Hazihitaji kostiki wala haidrosi, bali soda eshi, ileile inayotolewa Ziwa Magadi nchini Kenya. Hii nayo inawasha macho, na unga wa rangi usiuvute puani, hivyo vaa glovu na barakoa. Fulana iwe ya pamba, ifuliwe kwanza kuondoa wanga wa kiwandani. Yeyusha kikombe kimoja cha soda eshi katika lita 4 za maji, loweka fulana humo nusu saa, ikamue, ifunge, imwagie rangi, kisha ifunike kwenye beseni la plastiki isikauke mpaka kesho yake. Isuuze kwa maji baridi kabla ya kufungua mipira, la sivyo rangi inayochuruzika itaingia kwenye sehemu nyeupe ulizozihifadhi.