Roho ni Amana: Itii Kompyuta Yako, Ewe Mzamiaji

Ndugu zangu wa Mafia, nyinyi mnaozamia kwa mitungi kutoka Utende, Chole, Juani na Jibondo. Na nyinyi wageni mnaoteremka na ndege Kilindoni mkiwa mmebeba mapezi na miwani yenu: nina neno moja la kuwaambia, na nitalirudia mpaka liwaingie. Kila anayezama avae kompyuta yake mwenyewe ya kuzamia mkononi, na kila aliyeivaa aitii. Asiyeweza kuahidi mambo hayo mawili abaki kwenye mashua.

Roho tumekabidhiwa, hatukuinunua. Mwislamu analijua hilo na Mkristo analijua. Aliyepewa amana hachezi nayo, wala hasemi, "Mbona jana sikupatwa na kitu?" Siku ya kuulizwa ataulizwa alivyoitunza, hataulizwa alivyobahatika. Basi sikilizeni kwanza jambo linalofanyika mwilini mwenu, ili mtakapotii mtii kwa kujua.

Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa karibu asilimia 78. Tukiwa juu haitusumbui. Lakini kila mita 10 unazoshuka baharini, shinikizo linaongezeka kwa kiasi kile kile cha uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Ukifika mita 30, shinikizo ni mara nne ya lile la ufukweni. Hapo kila pumzi inasukuma naitrojeni kwenye damu, na damu inaisambaza kwenye misuli, mafuta, maungio na uti wa mgongo. Haiumi, hainuki, haionekani. Ukipanda taratibu, inarudi mapafuni na kutoka kwa pumzi. Ukipanda kwa pupa, inafanya kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa ghafla: inatoka kwa mapovu, na mapovu hayo yamo ndani ya mwili wako.

Ndipo bega linapouma na goti likakataa kukunjwa. Ngozi inawasha na kutoka madoa. Miguu inakufa ganzi, mkojo unakataa kutoka. Wako wasiosimama tena. Katika mwambao wetu huu wamekuwapo vijana waliopewa mitungi wakaokote majongoo bahari kwenye maji marefu, bila mafunzo, bila jedwali la kupandia, bila kompyuta. Walishuka na kupanda, wakashuka tena, kutwa nzima. Tajiri alipata mzigo wake. Wao wengine walilipa kwa viungo vyao, na wengine kwa roho zao. Ndugu zangu, hayo hayakuwa majaliwa ya kukunjia mikono. Elimu ya kuyazuia ilikuwapo zamani.

Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alishaeleza kwamba naitrojeni ndiyo chanzo cha maradhi haya. Mwaka 1908 Mskoti John Scott Haldane na wenzake walichapisha majedwali ya kupandia, baada ya kuwajaribu mbuzi ndani ya chumba cha shinikizo. Miaka mingi baadaye mzamiaji bado alibeba jedwali na saa, akihesabu kana kwamba muda wote amekaa kwenye kina kirefu kuliko vyote alivyogusa. Katika miaka ya 1980 kompyuta za kuvaa zikaingia sokoni. Nyingi za leo zinafuata hesabu za Albert Bühlmann, daktari wa Zurich, aliyeugawa mwili katika mafungu 16: mengine hujaa naitrojeni kwa dakika chache, mengine kwa saa nyingi. Kompyuta yako inapima shinikizo kila baada ya sekunde chache na kuyahesabu mafungu hayo yote bila kuchoka. Watu wa zamani walikufa wakiitafuta elimu hii. Wewe umeivaa mkononi, nawe huitazami!

Hebu tuitazame pamoja. Uko Mlango wa Kinasi, maji yanajaa, mkondo unakuingiza Ghuba ya Chole. Ukuta wa matumbawe unapita ubavuni, chewa mkubwa ametulia kwenye pango lake. Geuza mkono. Tarakimu ya kwanza inasema 26: hizo ni mita. Ya pili inasema 19: hizo ni dakika tangu ulipozama. Ya tatu inasema 7. Hiyo saba ndiyo nataka uipende kuliko chewa. Ni dakika ulizobakiwa nazo kwenye kina hicho kabla hujafika mahali ambapo huwezi tena kupanda moja kwa moja bila kusimamishwa njiani. Mwenye pupa ataingoja ifike sifuri ndipo ashtuke. Mwenye busara akiiona saba ameshaanza kupanda na ukuta, mita 20, kisha mita 15, na huko juu tarakimu ile ile inaongezeka, muda unampanukia, na matumbawe mazuri bado anayo mbele ya macho.

Sasa nakuagiza, na maagizo haya yashike yote.

Usizame kwa kompyuta ya mwenzako. Ile inahesabu mwili wa mwenzako. Yeye alikuwa mita tatu juu yako, wewe ulishuka kumtazama kasa. Yeye leo anazama mara ya kwanza, wewe ni mara ya tatu. Mkiwa wawili na kompyuta mbili zikatofautiana, fuateni ile iliyo kali zaidi, bila ubishi.

Usibadilishe kompyuta katikati ya siku zako za kuzamia. Iliyo mkononi mwako inakumbuka kuzama kwako kwa asubuhi na kwa jana. Ukivunja masharti yake, nyingi hujifunga na kukataa kukuhesabia kwa saa 24 au 48. Hapo shetani hukunong'oneza: azima nyingine. Ole wako ukimsikiliza! Kompyuta ya kuazima haijui jana yako. Itakuhesabu kama mtu aliyeamka kitandani, ilhali damu yako imejaa naitrojeni. Iliyojifunga imekuhukumu kwa haki: kaa pwani.

Kabla hujaingia majini, ikague. Soma kitabu chake chote, kwa maana kompyuta za viwanda mbalimbali hazisemi kwa namna moja. Tazama betri. Tazama kama imewekwa kwenye kuzamia kwa mtungi, si kwenye hali ya kupima kina na muda tu, ambayo haikuhesabii chochote. Ukipewa naitroksi, yaani hewa iliyoongezewa oksijeni, pima mtungi kwa mkono wako na uiambie kompyuta asilimia ya oksijeni uliyoiona. Naitroksi ya asilimia 32 ina mpaka wake, takribani mita 33. Ukiupita, oksijeni yenyewe inaweza kukutia degedege chini ya maji. Na kompyuta ikidhani una naitroksi kumbe umebeba hewa ya kawaida, itakupa dakika ambazo mwili wako hauna.

Panda polepole. Wahenga walituachia kwamba mwenda pole hajikwai, na hakuna mahali neno hilo lina uzito kuliko mita kumi za mwisho, maana hapo ndipo mapovu hutanuka haraka zaidi. Usizidi mita 9 kwa dakika. Kompyuta ikilia, imekuona unakimbia: simama, vuta pumzi, usiizime wala usiizoee. Ukifika mita 5, kaa dakika tatu kamili. Mkondo ukikuchukua, nenda nao, lakini kina chako ukilinde. Rusha boya lako la ishara juu ili nahodha akuone, kisha subiri. Dakika tatu hizo hazijampunguzia mtu umri.

Na ujue mipaka ya chombo hiki. Kinapima maji, hakikupimi wewe. Hakijui kwamba hukulala, kwamba una homa, kwamba jana ulikunywa pombe, kwamba tangu alfajiri hujaonja maji. Umri wako na unene wako hakivijui, wala ule mfupa uliovunjika zamani. Kwa hiyo kiweke kwenye masharti makali zaidi, kunywa maji au dafu baina ya kuzama na kuzama, na siku mwili unapokuambia hapana, usiupinge eti kwa sababu kioo kimesema ndiyo. Kompyuta ikizimika ukiwa chini, kuzama kumekwisha: panda taratibu hadi mita 5, kaa hapo kadiri hewa inavyoruhusu, toka, na usizame tena kwa saa 24.

Wewe kiongozi wa wazamiaji, kijana wetu, sikiliza hili linakuhusu peke yako. Mgeni anazama wiki moja kisha anakwenda zake. Wewe unazama leo, kesho na keshokutwa, msimu mzima wa kaskazi, wakati bahari ya nje imetulia na wageni wamejaa. Mwili wako ndio unaobeba mzigo mkubwa, nao ndio mara nyingi unaoachwa bila kompyuta, kwa sababu yako umempa mgeni. Usimpe! Kisha lipo lile jambo la nanga. Umekwisha kupanda, umevua mtungi, unasikia: "Kaka, hebu shuka mara moja tu, nanga imenasa." Mara moja hiyo imewavunja wanaume. Mwili uliotoka kuzama una vipovu vidogo ambavyo mapafu yanavichuja. Ukishuka tena ghafla vinabanwa na kuyapenya, na ukipanda vinatanuka mahali pasipofaa. Kompyuta iliyoachwa mashuani haiwezi kukuonya. Mjibu kwa adabu, lakini umjibu: "Shikamoo nahodha, sishuki." Nanga inakatwa kamba na kutiwa boya, kesho inafuatwa.

Nanyi wenye vituo vya kuzamia na wenye mahoteli, mnawalaza wageni pazuri na kuwalisha kamba. Mnunulieni kila kiongozi kompyuta yake, mbadilishe betri kabla hazijafa, na oksijeni iwe kwenye kila mashua, mtungi umejaa na barakoa yake ipo. Mnalijua lililo wazi: Mafia hapana chumba cha shinikizo cha kumtibu aliyepatwa. Mgonjwa wetu lazima avushwe bahari, na kila saa inayopita inamla. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, kilomita za mraba 822. Tumekubali sheria na doria kwa ajili ya kasa, tumbawe na samaki, na tumefanya vema. Itakuwa aibu gani tukimlinda kasa, kisha tumwache mtoto wa Jibondo ashuke mita 30 kwa kukisia!

Nawe mgeni, usifanye haraka ya kuondoka. Ndege ndogo ya Dar es Salaam inakuchukua chini ya saa moja, lakini angani shinikizo linapungua, na naitrojeni iliyobaki mwilini inapata nafasi ya kutoka kwa mapovu. Aliyezama mara moja asiruke kabla ya saa 12. Aliyezama mara nyingi au siku nyingi, si chini ya 18. Mimi nakuambia, timiza 24, na kompyuta yako ikitaka zaidi, iheshimu. Mwenye safari isiyongoja apande boti ya Nyamisati, asafiri usawa wa bahari.

La mwisho ni kuficha. Dalili zikija, usiseme ni uchovu, usiseme ni mkono uliolaliwa, usiogope kuchekwa. Kuna waliofika pwani wakiumwa bega, wakapaka mafuta ya karafuu wakalala, asubuhi miguu haikunyanyuka. Sema mara moja. Ulazwe, upewe oksijeni safi, unywe maji kama uko macho, daktari apigiwe simu, safari ianze. Na asiwepo wa kukushauri urudi chini ya maji ili maumivu yaishe: huko ni kuongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Ndugu zangu, majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu huja akiwa na kiti cha magurudumu. Bahari ya Mafia imewalisha babu zetu na itawalisha wajukuu wetu. Haitaki kafara ya kijana yeyote. Basi leo hii, kabla ya kuzama kunakofuata, fanyeni agano. Kila mmoja na kompyuta yake. Kila mmoja aisome. Ikisema panda, apande. Ikisema simama, asimame. Ikisema leo basi, ashukuru na aende nyumbani kwa mama yake akiwa mzima. Ukimwona mwenzako anakiuka, mzuie, hata kama ni mkubwa wako, hata kama amekulipa. Na wewe ukizuiwa, kubali.

Mungu awape masikio ya kusikia na mioyo ya kutii. Amina.