Saa na Faida za Mkristo

Katika Kikuubo, kichochoro cha biashara ya jumla mjini Kampala, ambamo wapagazi hupenya wamejitwika katoni za sabuni na magunia ya sukari, Mkristo hudhihirisha imani yake kabla hajafika kanisani: kwa kipimo asichokipunguza, kwa ujira anaoulipa jioni ile ile, na kwa duka analolifunga Jumapili ijapokuwa jirani anauza. Si mbali na hapo ipo barabara yenye jina la Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeikabili dhuluma ya mtawala Idi Amin akauawa mwaka 1977. Yeye alitoa uhai. Sisi tuliojaaliwa uhai na riziki tutamnyimaje Mwenyezi Mungu saa zetu, na maskini sehemu ya faida? Sadaka itengwe kwanza, kwani kinachongoja masalio aghalabu hukosa.