Sifa na Ushahidi

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini mwombaji wa nafasi ya kusomea udaktari wa falsafa hana budi kujitembeza, hata akiwa kizuri. Vyuo vikuu vingi vya Marekani humtaka apeleke, aghalabu katika Desemba au mwanzo wa Januari, hati ya matokeo yake, maelezo ya nia yake, insha ya falsafa ya kurasa 15 hadi 20 hivi, na barua za walimu watatu wamjuao. Katika hati hizi iliyo nzito kwa dhamiri ni barua ya mwalimu. Huandikwa na mtu mmoja, husomwa na wa pili, na faida au hasara yake humwangukia wa tatu.

Basi yapasa kuuliza: je, ni haki mwalimu kumsifu mwanafunzi kupita kadiri yake, ikiwa ajua kwamba walimu wengine hufanya vivyo hivyo?

Wako wasemao kuwa ni haki. Sifa, wasema, ni kama fedha: ikizagaa hushuka thamani, na alipaye kwa kipimo cha kale hupunja. Kila mwanafunzi akiitwa bora kuliko wote, yule aitwaye mwema tu atadhaniwa dhaifu. Hoja hii si nyepesi. Kijana wa Kampala au Dar es Salaam, ambaye walimu wake hawajulikani ng'ambo, hana mtetezi mwingine ila maneno yale. Mwalimu mkweli aweza kumfungia mlango kwa ukweli wake.

Hata hivyo, Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya msingi wa maadili, alimtaja mtu akopaye kwa ahadi asiyokusudia kuitimiza. Alionyesha kuwa kama wote wangefanya hivyo, hapana ambaye angesadiki ahadi, na ahadi yenyewe ingekufa. Ndivyo ilivyo sifa. Wahenga walimwonya mgema ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa asifuye ndiye atiaye maji, na wanywao wote hupoteza ladha. Tena nafasi ni chache: apandishwaye kwa uongo humshusha mwingine ambaye hatujui jina lake wala machozi yake.

Je, mwalimu achague kati ya kumdhulumu mwanafunzi wake na kumdhulumu mgeni? La. Iko njia ya tatu, nayo ni ushahidi. Neno "bora" halipimiki, tendo hupimika. Aseme ni hoja gani kijana aliipinga, kwa sababu gani, na jinsi alivyoirekebisha insha yake alipoonyeshwa udhaifu wake. Msomaji wa mbali, asiyemjua mwalimu wala chuo chake, ataweza kupima mwenyewe.

Lakini ushahidi una gharama. Wataka mwalimu asome tena kazi ya mwanafunzi, akumbuke, afikiri. Hapo ndipo tunapogundua kuwa sifa iliyopita kiasi si ukarimu uliozidi, bali ni uchoyo uliovaa joho la ukarimu: humnyima kijana saa chache za kazi, ikampa maneno yasiyogharimu kitu. Atiaye chumvi nyingi mara nyingi ni yule asiye na kitoweo.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 ilimpa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake za masomo, lakini mwombaji huulizwa kama yu radhi kuiacha haki hiyo kuhusu barua hizi, ili wazisomao waziamini zaidi. Akiiacha, amemwamini mwalimu wake gizani. Amana hiyo yastahili barua ambayo, kama ingesomwa mchana mbele ya wote wawili, mwanafunzi asingeona amepunjwa, wala msomaji asingeona amedanganywa.