Mwacha Asili ni Mtumwa

Nilikuwa msibani Kyela, siku ya pili baada ya mazishi. Wanaume wa ukoo waliitwa kwenye kikao chini ya mwembe, na kijana mmoja aliyeokoka akabaki amesimama kando, Biblia kwapani. Alipoitwa mara ya pili akasema yeye sasa ni wa Yesu, mambo ya ukoo hayamhusu. Mzee aliyeongoza kikao hakupandisha sauti. "Mwanangu," alisema, "mwacha asili ni mtumwa." Kijana hakujibu. Baadaye ukaletwa wali na usipa, tukala.

Shuleni methali hii hufafanuliwa kwa sentensi moja: usidharau mila zako. Ufafanuzi huo ni mwepesi mno, hasa ukiutamka katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Hapa utumwa haukuwa tamathali ya usemi. Ng'ambo ya mto Songwe, Karonga, mtu aliyeitwa Mlozi alifanya biashara ya watu hadi alipoangushwa na Waingereza Desemba 1895. Katika nchi iliyo kati ya Nyasa na Tanganyika mmisionari Elise Kootz-Kretschmer aliandika simulizi za wanawake waliopitia miaka ile, mmoja wao Narwimba. Ukizisoma utaona kuwa kilichowatesa si kazi ngumu peke yake. Mwanamke huru naye alilima. Kilichowatesa ni kukosa watu. Mtumwa hakuwa na wa kumdai akipotea, wala wa kumlipia akishtakiwa, wala wa kumlilia akifa. Ilimbidi atafute mlinzi, na mlinzi humtuma anakotaka.

Kwa hiyo mzee alikuwa na hoja. Ila alilichukulia neno asili kana kwamba ni kisiki kisichohama, na hapo nadhani hata babu zake wangembishia. Wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson, waliokaa kwa Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela, kati ya 1934 na 1938, walieleza desturi iliyowashangaza: wavulana wakifika umri wa miaka kumi hivi walitoka nyumbani kwa baba zao, wakaenda kujenga kijiji chao na wenzao wa rika. Kila kizazi kilipokomaa ilifanyika ubusoka, sherehe ya kutoka, wazee wakakabidhi uongozi. Mtoto aliyeng'ang'ania banda la baba yake ndiye angeonekana ana kasoro. Kuondoka hakukuvunja asili. Ndiyo asili yenyewe. Na Biblia ya yule kijana, ukiifungua mapema tu, inamwonyesha Ibrahimu akiambiwa atoke kwenye nyumba ya baba yake.

Wala asili haikuwahi kuwa mstari kwenye ramani. Mpaka wa Songwe uliwekwa na Wajerumani na Waingereza katika mkataba wa 1890. Mto wenyewe haukushirikishwa: kwenye tambarare, wakati wa mafuriko, huacha mkondo wake ukachimba mwingine, na mkulima akakuta shamba lake la mpunga limehamia nchi ya jirani. Hajawa Mmalawi kwa sababu maji yamehama. Anavuka, anavuna, anasalimiana na Wangonde wa ng'ambo ambao ni ndugu zake tangu zamani.

Tuje kwenye imani. Wamoravian na Waluteri wa Misheni ya Berlin waliingia nchi hii mwaka mmoja, 1891. Walikuta watu wanalitaja jina Kyala. Kwenye mwambao, upande wa Matema na Ikombe ambako milima ya Livingstone inashuka hadi majini, kulikuwa na mahali pa ibada panapoitwa Palikyala, yaani pa Kyala. Katika masimulizi ya wenyeji Kyala huyo alikuwa shujaa aliyeheshimiwa kwa sadaka. Makanisa yangeweza kulitupa jina hilo na kuleta la kigeni. Hayakulitupa. Leo Mnyakyusa akisali kwa lugha ya mama anamwita Mungu Kyala, na maana aliyo nayo moyoni ni pana kuliko aliyokuwa nayo babu yake. Majina ya ubatizo nayo yamepita njia hiyo. Zamani ilidhaniwa Mkristo lazima aitwe Petro, sasa makanisani wamejaa akina Lusajo (baraka), Lugano (upendo) na Ipyana (neema). Mtoto huyohuyo anabeba jina la ukoo linaloanza na Mwa-, na hakuna jina linalolisukuma lingine.

Kuna jambo ambalo methali inalificha ndani ya neno lake la mwisho. Mtumwa ni mtu anayetumwa. Mtume naye ni mtu anayetumwa. Kiswahili kimewazaa wote wawili kutoka kitenzi kimoja, na Paulo anapojitambulisha mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi anajiita yote mawili kwa pumzi moja. Sioni kuwa ni mchezo wa maneno. Tofauti yao haiko katika kutumwa, maana sote tunatumwa: na njaa, na wakubwa, na hofu ya kuchekwa. Tofauti ni kwamba mtume anamjua aliyemtuma, naye ameitika. Paulo aliitika bila kuacha kuwa Mbenyamini, na alipokaribia kuchapwa viboko alikumbuka haraka kuwa yeye ni raia wa Rumi. Wito haukumfutia alikotoka; ulimpa kazi ya kufanya nako.

Ndiyo maana siwaelewi wahubiri wa siku hizi wanaomwambia kijana kuwa jina la ukoo wake ni laana, kwamba lazima akate mizizi ndipo Mungu amtumie. Anaikata. Kesho anatumwa kununua maji ya upako, keshokutwa mafuta, wiki ijayo sadaka ya kujikomboa, na hana mjomba wala shangazi aliyebaki wa kumuuliza, "Mwanetu, unakwenda wapi?" Hapo methali imetimia neno kwa neno. Ameacha asili akidhani anaitwa kuwa mtume, amepata bwana mpya. Mzee naye akiitumia methali kumlazimisha muumini anywe pombe ya tambiko asiyoiamini, anamfanya mtumwa kwa mlango wa pili. Dhamiri ni sehemu ya asili ya mtu. Kwa Mkristo ndiyo ya kwanza kabisa, kwa kuwa anaamini aliumbwa kabla hajapewa ukoo.

Kwa hiyo ukitupiwa methali hii, usikimbilie kuikana wala kuikubali. Uliza kwanza ni asili ipi unaambiwa umeiacha, kisha uulize ni nani anayekutuma sasa na anakutuma ufanye nini.

Nimalizie habari ya kikao. Hakikuwa cha tambiko. Ajenda ilikuwa moja, ada ya shule ya watoto wawili wa marehemu. Yule kijana aliyebaki kando na Biblia yake ndiye baba yao mdogo.