Kyogero na Deni la Bahati

Katika soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, ukimwambia muuza mitishamba kwamba nyumbani kuna mtoto mchanga, hakuulizi zaidi. Atakuchanganyia bombo, lweza, kayayana na mengine anayoyajua mwenyewe. Hicho ndicho kyogero cha Waganda, neno ambalo kwa sikio la Mswahili haliko mbali na koga. Majani huchemshwa, maji yakaachwa yapoe, na mtoto huogeshwa humo kwa siku nyingi. Wengine husubiri kwanza kitovu kidondoke. Kazi zinazotarajiwa ni mbili. Ya kwanza ni ngozi: vipele viishe, mwili uwe laini. Ya pili ni bahati: mtoto apendwe, apate kazi, aoe au aolewe vizuri. Lweza hasa ndiyo mmea wa bahati, na hata watu wazima wanaotafuta kazi au wateja huiogea.

Kama dawa hiyo inasaidia ngozi, hilo linaweza kupimwa. Serikali ina taasisi ya kuchunguza dawa za asili pale Wandegeya, na mwaka 2019 ilipatikana sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Swali langu ni la maadili: je, ni haki kuiweka bahati ya mtu mikononi mwa aliyemuogesha?

Nauliza kwa sababu ya kaka yangu. Alihitimu miaka minne iliyopita na mpaka leo anabangaiza. Mama yetu ni mlokole. Alikataa kyogero kwa watoto wake wote. Kila ukoo unapokutana, shangazi hurudia maneno yaleyale: "Huyu hakuogeshwa." Mama huendelea kumenya matoke, hajibu. (Mimi pia sikuogeshwa, na chuoni nimeingia, lakini hilo halihesabiwi.)

Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande, alieleza habari ya ghala linalowaangukia watu waliopumzika chini yake. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Shangazi naye anajua kwamba Kampala kazi ni chache na waombaji ni wengi. Anachotaka kujua ni kwa nini akose huyu, ilhali mtoto wa jirani amepata. Swali hilo silidharau. Lakini nafasi moja ikitangazwa, wakaja vijana wawili walioogeshwa vyema na mama zao, mmoja lazima arudi nyumbani mikono mitupu. Mama wa huyo alikosea nini? Alipunguza majani?

Mwenzangu darasani anasema nimeyachukulia mambo kwa uzito mno. Kwamba lweza ni dua tu iliyotiwa majini. Ingekuwa dua, ningenyamaza. Mtu akikuombea heri na heri isije, humdai. Lweza hudaiwa. Mara tu tunaposema bahati inapatikana kwa majani fulani katika beseni fulani, anayekosa bahati lazima awe na mtu aliyezembea, na mtu huyo karibu kila mara ni mwanamke. Baba hatajwi. Wala serikali haitajwi. Na tusiwacheke wazee peke yao: wapo wachungaji mjini humu wanaouza maji ya upako, na yasipofanya kazi humwambia mnunuzi kwamba imani yake ni haba. Deni ni lilelile, limebadilishiwa chupa.

Dada yangu amejifungua mwezi uliopita na anataka kuogesha. Nimemuunga mkono. Nusu saa ya maji ya uvuguvugu, mtoto akikandwa taratibu na nyanya yake wa upande wa baba, ni jambo jema hata kama majani hayana kitu ndani yake. Nimemshauri tu aiache lweza sokoni. Akiiweka, atakuwa amekubali kwamba inadaiwa. Asipoiweka, huenda siku moja naye akamenya matoke kimya kama mama. Nadhani hatari hiyo ya pili ni afadhali, ingawa si mimi nitakayeibeba.

Shangazi ameshapiga simu kuuliza kama lweza imo.