Paulo ni Nani?

Siku tulipomzika babu huku Endabash, padri alimwombea Paulo. Nyuma yangu mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Paulo ndiye nani?" Wao walimjua Tluway, yaani mvua kwa Kiiraqw, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Cheti chake cha ubatizo hakina jina hilo. Katekista alichagua jina la mtakatifu, akaandika, basi. Baba naye akaandikishwa shule kwa jina la Paulo, na ndilo lililo kwenye kitambulisho changu.

Kwa miaka mingi niliuona huo kuwa wizi. Kisha, nikisomea shahada ya uzamili, nilikutana na vitabu vya ubatizo vya Uingereza, ambavyo parokia ziliamriwa kuviandika kuanzia mwaka 1538. Humo wamo watoto walioitwa Creature, yaani Kiumbe. Mkunga akihofia kwamba mtoto atakufa kabla hajatoka tumboni, alimbatiza upesi, bila kujua ni wa kike au wa kiume. Wengine walipona, wakakua na jina hilo. Mwaka 1579, huko Staplehurst, Kent, Creature Cheseman alifunga ndoa.

Unaweza kucheka. Mimi nilimheshimu yule mkunga: alitaja alichokijua, hakuongeza. Mama yake babu alifanya vivyo hivyo. Hakujua mwanawe atakuwa nani; alijua mvua inanyesha.

Je, katekista alikosea? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 761, ilimtaka paroko ahakikishe mbatizwa anapewa jina la Kikristo. Isipowezekana, aongeze jina la mtakatifu kwenye lile la wazazi, na yote mawili yaandikwe kitabuni. Kwa hiyo Paulo si kosa, na babu mwenyewe aliitikia jina hilo kila Jumapili bila kinyongo. Kosa ni kuliacha la kwanza. Ukimpa mtu jina, unamwongezea. Ukilifuta alilokuja nalo, unadai kwamba hakuwa mtu mpaka ulipomwona wewe.

Wiki iliyopita fundi anayejengea kaburi aliniuliza aandike nini. Nikamtajia majina yote mawili. Akapima kwa kidole, akasema hayatatosha kwenye kibao.

Nikamwambia apunguze herufi.