Kadiri ya Hewa

Land Rover ya miaka ya 1970, yenye injini ya petroli na kabureta ya Zenith, ikirekebishwa Dar es Salaam kwenye usawa wa bahari kisha ikapelekwa Kiomboi, huanza kunung'unika. Hutoa moshi mweusi, plagi zake hushika masizi, na ikisimama hutikisika kama mgonjwa wa homa. Hapana kilichovunjika. Uwanda wa juu wa Iramba umeinuka mita 1,500 hivi, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani sehemu moja ya saba. Petroli iliyokuwa ya kiasi Dar es Salaam imekuwa nyingi Kiomboi, ingawa hapana mkono uliogusa skrubu.

Basi mwenye gari hufungua boneti uani kwake, akashika bisibisi. Hapo ndipo linapozuka swali la kale: je, kipimo kilicho sawa ni kimoja kwa wote, au kila mahali pana chake?

Aristotle alilijibu kwa mfano wa chakula. Ikiwa ratili kumi ni nyingi mno na mbili ni chache mno, mwalimu wa mieleka hatawaamuru wanafunzi wote wale sita, kwani sita ni chache kwa Milo, yule bingwa mashuhuri, na ni nyingi kwa anayeanza. Wapo waliolichukua neno hilo wakaliburura mbali, wakadai kwamba kila jamii ina haki yake na hapana wa kuihukumu. Kabureta yawakatalia. Kilo moja ya petroli, ili iungue yote, yataka takribani kilo 14.7 za hewa, Kiomboi kama Dar es Salaam. Kipimo hakikuhama. Kinachopasa kuhama ni skrubu, tena ihame ili kipimo kibaki palepale.

Kwa hakika mizani hii si kama ile ya tarbia, inayohesabika kwa vidole, nane kwa nane. Uani hakuna wa kuhesabu chembe za hewa. Kuna sikio tu. Kwanza injini iachwe ipate moto, na chujio la hewa na plagi zikaguliwe, la sivyo kabureta itatibiwa ugonjwa usio wake. Kisha skrubu ya mchanganyiko huzungushwa kidogo kidogo, robo mzunguko au chini ya hapo, na kila mara mtu husubiri, kwa kuwa injini haijibu papo hapo. Mngurumo hupanda, hutulia, halafu hukwama, hurudishwa ulipotulia. Iwapo injini sasa inakimbia mno, hupunguzwa kwa skrubu ya pili, kisha ya kwanza hurudiwa. Katika kabureta nyingine skrubu hiyo hupima hewa badala ya petroli, na kukaza huleta kinyume. Anayekaza kwa mazoea tu ataharibu akiamini anatengeneza.

Aghalabu anayepotea ni bahili. Hukaza zaidi ya haki ili aokoe petroli, na kwa siku chache huona ameokoa. Lakini mchanganyiko mkavu huongeza joto, na joto hula vali.

Taifa nalo limewahi kushika bisibisi. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya pamoja ni amri, na kufikia 1976 mamilioni walikuwa wamehamishwa. Shabaha, yaani maji, shule na zahanati kwa kila mtu, haikuwa ya kubezwa, na atakayesema kwamba maskini wa Iramba hakustahiki yaleyale aliyostahiki wa pwani amekosa adabu. Hata hivyo mzunguko uleule ulitolewa kwa mfugaji na kwa mkulima, na pengine watu walifikishwa mahali ambapo maji hayakuwatosha. Kosa halikuwa kuamini kwamba haki ni moja. Kosa lilikuwa kutosubiri baada ya robo ya kwanza.

Lipo gumu zaidi, ambalo mfano wa Milo haukuligusa, kwa sababu mwanamieleka hula akiwa palepale. Gari husafiri. Linalolala Kiomboi siku ya soko hupita Misigiri, likateremka Sekenke hadi Shelui na mbuga za Wembere, ambako hewa ni nzito zaidi, na mchanganyiko uliokuwa sawa uani ukawa mkavu njiani. Isitoshe, gari likiwa mbioni skrubu ile haina sauti kubwa. Hutawala jeti kuu, kitundu cha shaba ambacho bisibisi haikigeuzi. Kwa hiyo fundi mzoefu hasimami pale mngurumo ulipo mtamu kuliko pote. Hurudisha nyuma kidogo, akaacha petroli ya ziada, na jirani akimwambia kwamba gari bado latoa moshi asubuhi, humjibu kwamba kesho linateremka.